Damu ya Mgonjwa Mwenyewe

Mgonjwa huketi, mkono umenyooshwa, na muuguzi humtoa damu kiasi cha kujaza kikombe kidogo cha kahawa, au pungufu ya hapo. Damu hiyo hutiwa katika kichupa, na kichupa huwekwa ndani ya mashine inayokizungusha kwa kasi kubwa. Baada ya dakika chache damu huwa imejitenga: chembe nyekundu zimeshuka chini, majimaji ya manjano yaitwayo plazima yamebaki juu, na humo zimo chembe ndogo mno ambazo kazi yake ya kila siku ni kugandisha damu mtu anapojikata. Daktari huivuta sehemu yenye chembe hizo kwa wingi, huitazama kano inayouma kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha huchoma sindano. Shughuli yote haizidi saa moja. Na katikati yake, kabla ya sindano au baada yake, aghalabu husemwa sentensi ambayo mgonjwa huikumbuka kuliko maelezo mengine yote: "Hii si dawa ya kutoka nje, ni damu yako mwenyewe."

Sentensi hiyo ni kweli, neno kwa neno. Swali ni kama aliyeisema amemwambia mgonjwa ukweli.

Achukuliwe mtu wa kufikirika: dereva wa basi mjini London, mwenye umri wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga, ambaye kila Jumapili hucheza mpira na wenzake wa makamo yake. Kwa miezi minane kano ya kisigino chake cha kulia imekuwa ikimuuma. Asubuhi hushuka ngazi kwa upande kama kaa. Kila anapokanyaga breki hukumbushwa, na kwa mtu ambaye riziki yake iko katika mguu wa kulia, maumivu hayo si jambo la mpira wa Jumapili tena. Huduma ya afya ya taifa imempa karatasi yenye michoro ya mazoezi na miadi ya mbali. Kliniki ya binafsi inampa sindano wiki ijayo, kwa malipo ya mamia ya pauni. Hajali sana jina la tiba. Anachotaka ni mguu wake.

Kabla ya kumhukumu daktari wa kliniki hiyo ni haki kuielewa hoja yake, kwa kuwa si hoja ya kijinga. Kano ni kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Imesukwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na mishipa ya damu ndani yake ni michache. Ndiyo maana kidonda cha ngozi hufunga kwa siku kadhaa ilhali kano iliyochakaa huuma kwa miezi na miaka. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walionyesha jinsi kamba hiyo ilivyo nzito kubadilika. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza hewani kaboni yenye mnururisho, nayo ikaingia katika mimea, katika vyakula, na katika miili ya watu. Watafiti hao walipima kaboni hiyo katika kano za visigino vya watu waliozaliwa nyakati mbalimbali, wakakuta kwamba kiini cha kano hujengwa katika miaka takriban 17 ya mwanzo wa maisha, na baada ya hapo hakifanywi upya kwa kiasi cha kupimika. Mzee wa miaka 60 hutembea kwa kamba ile ile aliyosukiwa ujanani. Ngozi yake imebadilika mara nyingi, damu yake pia. Kano imebaki kuwa shahidi wa ujana wake.

Sasa chembe za kugandisha damu. Hizo ndizo zinazowahi kufika mahali penye jeraha. Huziba tundu, kisha humwaga protini zinazoziita chembe nyingine zije kusafisha na kujenga. Basi, anasema mtetezi wa tiba hii, ikiwa kano haiponi kwa kukosa damu, na damu ina vitu vinavyoamuru ujenzi, kwa nini isipelekewe vitu hivyo kwa wingi pale pale inapouma? Madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya, akiwemo Robert Marx wa Miami aliyeandika mwaka 1998, walikuwa wamekwisha kuitumia plazima ya namna hiyo katika kupandikiza mfupa wa taya. Kutoka taya hadi goti na kisigino haikuwa safari ndefu.

Safari hiyo ilifupishwa zaidi na michezo. Februari 2009, Hines Ward, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa Pittsburgh, alicheza fainali kuu ya mchezo huo baada ya goti lake lililoumia kutibiwa kwa damu yake mwenyewe. Timu yake ikatwaa ubingwa. Magazeti yaliuliza mengi, lakini swali la goti lile lingekuwaje bila sindano halikuwa na wa kulijibu, maana Ward alikuwa na goti moja tu la aina hiyo na fainali moja ya kuchezea. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, WADA, likapiga marufuku chembe hizo kuchomwa ndani ya msuli, na mwaka 2011 likaiondoa marufuku hiyo kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba zinamwongezea mchezaji uwezo. Kwa wafanyabiashara mwaka ule mmoja wa marufuku ulitosha. Watu huamini upesi nguvu za kitu kilichokatazwa.

Wakati huohuo, bila shangwe, watu wengine walikuwa wakilipima jambo lenyewe. Uholanzi, kikundi kilichoongozwa na Robert-Jan de Vos kiliwachukua wagonjwa 54 wenye maumivu ya muda mrefu ya kano ya kisigino. Wote walitolewa damu, ili asiwepo wa kukisia kutokana na kutotolewa. Kisha kwa kura nusu wakachomwa plazima yenye chembe nyingi, na nusu wakachomwa maji ya chumvi, bomba la sindano likiwa limefunikwa. Wote wakapewa mazoezi yale yale. Hali ya kila mmoja ilipimwa kwa alama kati ya 0 na 100. Baada ya wiki 24 waliochomwa damu walikuwa wamepanda kwa wastani wa alama 21.7. Waliochomwa maji ya chumvi walikuwa wamepanda 20.5. Tofauti hiyo haina uzito wa kitakwimu, na hakuna kisigino kinachoweza kuihisi. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2010. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Katika kano za Waholanzi wale mizani haikuona tofauti.

Majaribio makubwa zaidi yalifuata Uingereza. Moja, lililochapishwa katika BMJ mwaka 2019, lilihusu watu 230 ambao kano zao za visigino zilikuwa zimekatika kabisa. Jingine, katika JAMA mwaka 2021, lilihusu watu 240 wenye maumivu sugu kama ya dereva wetu wa kufikirika. Katika hilo la pili, baada ya miezi sita, wastani wa alama za waliochomwa damu ulikuwa 54.4, na wa waliochomwa sindano tupu isiyofika hata kwenye kano ulikuwa 53.4. Uadilifu unadai litajwe pia jaribio la Allan Mishra na wenzake wa Marekani, la mwaka 2014, juu ya kano za kiwiko. Lilihusu wagonjwa 230, na kati ya waliofuatiliwa hadi mwisho matibabu yalihesabiwa kuwa yamefaulu kwa asilimia 83.9 ya waliopewa chembe za damu, dhidi ya asilimia 68.3 ya wenzao. Ni jaribio lenye uzito, nalo ndilo linaloning'inizwa kwenye kuta za kliniki. Lakini mwaka 2021 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio 32 ya kiwiko, yenye washiriki zaidi ya 2,300, wakahitimisha kwamba kwa maumivu na kwa utendaji wa mkono tiba hii yaelekea haina faida ambayo mgonjwa ataiona.

Mambo ya takwimu yanaweza kuishia hapo, kwa kuwa swali la kimaadili halimo katika tofauti kati ya 21.7 na 20.5. Limo katika kufanana kwake. Pande zote mbili zilipanda kwa alama 20 na ushei. Yaani kundi la damu, kwa jumla, lilipata nafuu, na ya kutosha mtu kuisimulia msikitini na kazini. Daktari wa kliniki hana kundi la maji ya chumvi katika chumba cha pili. Anawaona wale tu aliowachoma damu, na kati yao wengi wanarudi wakitembea vizuri, wanamshika mkono, pengine na sanduku la tende. Anaposema "nimewaona kwa macho yangu wakipona", hasemi uongo. Macho yake yameona kupona. Hayakuona sababu ya kupona, kwa kuwa sababu haionekani kwa macho.

Inafaa kukaa kidogo na tofauti hii, maana ndipo wengi wanapoteleza, na si madaktari peke yao. Mtu humwendea daktari siku ambayo maumivu yamefika kileleni. Maumivu ya kano yana tabia ya kupanda na kushuka, na kilicho kileleni hakina pa kwenda ila chini. Baada ya sindano mgonjwa huambiwa apumzike siku kadhaa, kisha aanze mazoezi kidogo kidogo. Miezi inapita. Tena amelipa, na aliyelipa mamia ya pauni hana hamu ya kujiona mjinga. Katika mkusanyiko huo wa mambo, sindano ndiyo peke yake yenye tarehe, yenye risiti na yenye maumivu ya kukumbukwa. Mengine hayana umbo. Kwa hiyo sifa yote inaiendea sindano, si kwa hila ya mtu, bali kwa sababu akili ya binadamu hupenda kumshukuru mwenye sura.

Mganga wa mvua anayelipwa mwishoni mwa Februari hashindwi mara nyingi. Masika yana mazoea ya kuja. Mkulima akamlipa kuku, mvua ikanyesha, mahindi yakaota, na hakuna aliyeumia isipokuwa kuku. Amechukua nini mganga huyo kisichokuwa chake? Jibu la haraka ni ujira. Lakini ujira ni kitu kidogo. Kikubwa alichochukua ni masika yenyewe. Mkulima alikuwa na njia ya kulijua shamba lake: upepo unapogeuka, mchwa wanapotoka, mawingu yanapokaa upande wa bahari. Mwaka unaofuata hatatazama mbingu; atatazama njia anakokuja mganga. Amenyang'anywa ujuzi wa msimu wake mwenyewe na hajui kwamba amenyang'anywa, kwa sababu kila mwaka mvua inaendelea kunyesha.

Kosa la mponyaji wa namna hii, kama ni kosa, ni la aina hiyo. Si kudhuru. Madhara ya tiba hii ni machache. Hata taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilipotoa mwongozo mwaka 2013 juu ya damu ya mgonjwa kuchomwa kwenye kano, haikuona tatizo kubwa la usalama. Ilichoona ni upungufu wa ushahidi wa manufaa, ikasema tiba itolewe tu kwa utaratibu maalumu wa kumweleza mgonjwa na kuweka kumbukumbu za matokeo. Kosa ni kuchukua nafuu ya mgonjwa na kuiandika kwa jina la mwingine. Dereva amepona kwa miezi yake, kwa mwili wake, pengine kwa jasho lake kwenye ngazi za nyumbani, kisha ameambiwa kwamba amepona kwa mashine. Kisigino cha kushoto kitakapoanza kuuma, atatafuta pochi kabla ya kutafuta ngazi.

Wapo watakaopinga, na upinzani wao una nguvu. Wa kwanza atasema: huyu ni mtu mzima, damu ni yake, fedha ni zake, nani amempa mwandishi wa insha mamlaka ya kumlinda na uamuzi wake? Hoja hii ingetosha kama mgonjwa angekuwa ameamua kwa kujua. Mtu hana uhuru wa kuchagua kati ya vitu viwili alivyofichwa kwamba vimepimwa na kukutwa sawa. Uhuru wake unaanza pale anapoambiwa habari ya maji ya chumvi. Akiambiwa, akaelewa, kisha akasema "nichome tu", hapo kweli damu ni yake na fedha ni zake, na asiyependa anyamaze.

Wa pili ana swali gumu zaidi. Maumivu ni kitu kinachohisiwa. Ikiwa imani katika damu imeyapunguza, je, imani hiyo si dawa? Na ukweli ukiivunja imani, je, msema kweli hakumrudishia mgonjwa maumivu yake? Afrika Mashariki, kama kwingineko, wapo wagonjwa wasiojihesabu kuwa wametibiwa mpaka wachomwe sindano. Daktari anayewanyima sindano kwa jina la ukweli huenda anajifurahisha nafsi kuliko anavyowatibu. Hata hivyo, yapo majaribio yanayoondoa sehemu ya ugumu huu. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard waliwachukua watu 80 wenye maumivu sugu ya utumbo. Baadhi waliwapa vidonge visivyo na dawa, wakawaambia waziwazi kwamba havina dawa, na kwamba hata hivyo huenda vikasaidia. Baada ya wiki tatu waliopewa vidonge walieleza nafuu kubwa kuliko wasiopewa kitu. Ni jaribio dogo na la muda mfupi, na utumbo si kano. Lakini linatosha kuuondoa udhuru mmoja: hakuna aliyethibitisha kwamba nafuu inahitaji uongo. Anayedai kwamba lazima amfiche mgonjwa ili amponye ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi.

Wa tatu ni mtaalamu, na husema kwamba majaribio yote yalitumia plazima isiyofaa. Chembe zilikuwa chache mno, au nyingi mno. Chembe nyeupe ziliachwa, au ziliondolewa. Sindano ilikuwa moja na ilipaswa kuwa tatu. Ni kweli kwamba chini ya jina moja kuna vitu vingi, na vipimo hutofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine. Lakini hoja hiyo ina makali pande zote mbili. Kama haijulikani ni plazima ipi inayofaa, daktari anayeuza ya kwake leo anauza nini? Hawezi kuomba subira kwa mtafiti na wakati huohuo kutoa risiti kwa mgonjwa.

Inabaki ile sentensi, damu yako mwenyewe. Kwa Kiswahili ina mwangwi mrefu. Mzazi humwita mtoto "damu yangu". Waliotaka undugu bila kuzaliwa pamoja walichanjiana, damu ya mgeni ikageuka kuwa ya nyumbani. Neno hili haliingii sikioni kama jina la majimaji. Linaingia kama jina la kinachoaminika kabla ya kuchunguzwa. Ndiyo maana linauza. Lakini mtu akiliondolea mwangwi huo, hoja haisimami. Kitu kuwa cha mtu mwenyewe hakukipi nguvu ya kumponya. Machozi ni yake pia, na mkojo ni wake. Tena kinachorudi mwilini si kile kilichotoka. Kimetiwa dawa ya kuzuia kuganda, kimezungushwa, kimechujwa, mara nyingine kimeongezwa kitu cha kuziamsha chembe. Marekani, kwa mfano, mashine za kutengenezea plazima hiyo zimeruhusiwa sokoni, nyingi kwa ajili ya kuichanganya na mfupa wa kupandikiza. Kuichoma kwenye kano ni uamuzi wa daktari mwenyewe, nje ya kazi iliyoidhinishwa. Mgonjwa anayeuona muhuri kwenye mashine hudhani umepigwa kwenye kisigino chake.

Shangazi wa dereva, huko Tanga, akielezwa kwa simu, huenda akashangaa kwa sababu nyingine. Yeye anajua kuumikwa: pembe, wembe, na damu chafu inayotolewa ikamwagwe. Kwake damu ya ugonjwa hutoka, hairudishwi. Tiba hizi mbili zina imani zinazopingana kabisa juu ya damu ya mwili unaouma, moja ikiiona kuwa sumu na nyingine ikiiona kuwa mbegu, na zote mbili zina wateja walioridhika. Jambo hilo peke yake lingefaa kumfanya mtu aushuku ushahidi wa kuridhika. (Pembe ya kuumikia huitwa chuku, na kupiga chuku ni kusimulia jambo kupita ukweli wake. Mswahili aliyeunganisha maana hizo mbili bila shaka alikuwa amekaa sana barazani na waumikaji.)

Kwa Waislamu wa mwambao na wa Ghuba suala lina upande mwingine, ambao mara nyingi huulizwa vibaya. Huulizwa: damu ikishatoka ni najisi, je, inajuzu kuirudisha? Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao hufuatwa na wengi wa pwani, wamezungumza tangu zamani juu ya kujitibu kwa najisi, na wengi wao wakakuruhusu kwa masharti: kusiwepo kitu safi cha kushika nafasi yake, na mjuzi wa tiba athibitishe kwamba kitafaa. Watu huhangaika na najisi wakasahau masharti. Sharti la pili halihusu damu hata kidogo. Linahusu ujuzi, yaani linauliza swali lile lile waliloliuliza Waholanzi kwa kura na maji ya chumvi. Na sharti la kwanza linauliza kama kuna kingine.

Kingine kipo, na historia yake inafurahisha. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå, Sweden, alikuwa mkimbiaji mwenye maumivu ya kano ya kisigino. Inasimuliwa kwamba mkubwa wake alikataa kumpasua kwa kuwa hali haikuwa mbaya vya kutosha. Alfredson akaamua kuiharibu kano kabisa ili apasuliwe: akawa anasimama ukingoni mwa ngazi na kukishusha kisigino chini kwa uzito wa mwili wake, tena na tena, maumivu yakiongezeka. Kano haikukatika. Ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kujifurahisha waliofanya hivyo kwa wiki 12, mara 180 kwa siku, na wote wakarudi kukimbia. Karatasi ile yenye michoro aliyopewa dereva imetoka huko. Haina mashine, haina risiti, na hakuna anayeweza kuifanya kwa niaba yake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba sifa ya kupona ni ya mazoezi. Lakini mizani iliyopima damu haina budi kupima mazoezi pia, na hapo inakwama. Hakuna njia ya kumfanya mtu ashushe kisigino mara 180 kwa siku bila yeye kujua kwamba anakishusha. Zoezi halina maji yake ya chumvi. Yawezekana alama 20 zile ni za mazoezi; yawezekana sehemu yake ni ya muda, na sehemu ni ya kutazamwa na watafiti wenye huruma. Linalojulikana ni kwamba hazikuwa za damu. Mganga wa mvua akifukuzwa shambani, haifuati kwamba mkulima tayari ameelewa mvua.

Mponyaji mwadilifu, basi, ana jambo zito la kumwambia mgonjwa, zito kuliko "ninakuponya" na zito kuliko "siwezi kukuponya". Katika kliniki ya kufikirika daktari anaweza kuwa mtu yeyote, basi na awe mwenyeji wa Mombasa, aliyemwita dereva "ndugu yangu" tangu alipoingia mlangoni. Anakiacha kichupa mezani, anavuta kiti.

"Ndugu yangu, watu kama wewe wamepimwa. Waliochomwa damu na waliochomwa chumvi walipata nafuu sawasawa. Nikikuchoma, huenda ukapona, na sitajua kama ni mimi."

"Na usiponichoma?"

"Huenda ukapona vilevile. Kwa miezi, si kwa wiki. Na ngazi ukizifanya kila siku, hata zikiuma."

Dereva anautazama mguu wake, kisha anaitazama ile mashine ukutani, nyeupe, yenye mfuniko wa kioo, na taa yake ya kijani inayowaka.

"Sasa daktari," anasema, "hiyo uliinunua ya nini?"